Barua ya kualika inatokaga kwetu

Ikifika Februari ao Machi emaili zinaanza kuingia kwa wachungaji wa Goma na Bukavu. Kanisa fulani la Marekani, ao la Uholanzi, ao la Korea, linataka kuleta ekipe mwezi wa saba, siku 10, watu 14, wengi wao vijana wa chuo, na wanauliza kwa adabu kama tuko na kazi yenye wanaweza kutusaidia. Tunajibu ndiyo. Tunajibu ndiyo hata komite ya kanisa haijakaa, kiisha tunaanza kuzunguka tukitafuta kazi ya kuwapa hao watu 14. Ni nadra sana kuona jibu lenye linasema njooni lakini si mwezi wa saba, ao njooni lakini watatu tu, ao asanteni ila mwaka huu hatuna kazi yenu. Na kwa kuangalia kwangu matatizo mengi ya hizi misheni fupi yanaanzia kwa hiyo ndiyo yetu, wakati mgeni hajanunua hata tiketi.

Mimi nimetafsiria hizi ekipe kwa miaka mingi, kuanzia kuwapokea pale Grande Barrière, kwenye mpaka wa Rwanda, wakitoka Kigali mpaka maombi ya kuagana, na nawapenda hao watu, kuna wenye tunaandikiana mpaka leo. Ndiyo maana mabishano yetu ya WhatsApp kuhusu misheni fupi yananichosha, juu kila mara tunabishana kuhusu moyo wa muzungu: alikuja juu ya picha, hapana alikuja juu ya Mungu, hapana alikuja kujionyesha kwa marafiki zake. Moyo wa mtu nani anauona? Na tukibishana hivyo sisi wenyeji tunatoka kabisa mu hiyo habari, tunabaki watu wa kupokea tu, kama vile ekipe ni mvua, ikinyesha tunalowa. Lakini kwa kawaida mgeni hapati viza ya Congo bila barua ya kualika, barua yenye mwenyeji ameandika, amesaini, imelegalizwa, inasema huyu mtu nitambeba mimi kwa muda wote atakuwa hapa. Nani anaandikaga ile barua? Ni kanisa letu. Kisheria kila misheni yenye imefika hapa imefika juu sisi tulisema ije, na barua yenye inasema ije inaweza pia kusema ije namna gani.

Na hii si habari ya watu wachache. Robert Wuthnow, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikadiria kutokana na uchunguzi wa mwaka 2005 kwamba Wakristo kama milioni 1.6 wa makanisa ya Marekani peke yake wanatoka kila mwaka kwenda nchi zingine kwa misheni fupi, wengi wiki moja ao mbili. Sehemu kubwa wanaendaga karibu na kwao, Mexico, visiwa vya Karibi, Amerika ya Kati, huku kwetu wanafikaga wachache, na tangu vita iingie Goma mwisho wa Januari 2025 na uwanja wa ndege ukafungwa wamepungua zaidi. Lakini watarudi. Ndiyo maana naona huu ndio wakati wa kuongea, juu ekipe ikishafika, korale imevaa sare, watu wa protokoli wamesimama mlangoni, hakuna mtu atainua mkono aseme tungoje kidogo.

Acha nieleze kitu chenye nilikiona kwa karibu. Shule moja ya msingi ya kanisa, watoto zaidi ya 600, milango ya choo minne, na kati ya hiyo minne miwili imejaa, imefungwa kwa mbao na misumari. Wasichana wakubwa wa darasa la sita hawanywi maji asubuhi, wanavumilia mpaka saa ya kutoka warudi nyumbani. Komite ya wazazi ilikuwa inasema tangu zamani: choo. Sasa emaili ikaja, tuko watu 14, hakuna fundi kati yetu, tuko na siku 8 za kazi, tunaweza kufanya nini? Soma hilo swali vizuri. Halijauliza shule inakosa nini, limeuliza kitu gani kinaweza kuisha mu siku 8 kwa mikono ya watu 14 wenye hawajui kazi. Jibu la kweli la swali kama hilo ni rangi, kwa hiyo tukajibu rangi. Ekipe ikaja ikapaka madarasa yote, bluu chini na njano juu, kwa bidii sana, jua kali, mikono imejaa malengelenge, wakaandika mstari wa Zaburi ukutani, na watoto walifurahi kwa kweli, hilo siwezi kulikataa. Choo kilibaki milango miwili.

Mtu wa Goma anaelewa kwa nini choo hakiingii mu siku 8. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano. Shimo la choo hapa halichimbwi na jembe, ni mitaimbo na nyundo kubwa, wiki nyingi, kuna siku vijana wanapiga kuanzia asubuhi mpaka jioni na shimo limeshuka kiasi cha kiganja. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipofurika huku mwezi wa saba na kipindupindu kikaingia, watu walikufa kwa makumi ya maelfu mu wiki chache, na hilo jiwe lilikuwa sehemu ya msiba, hapakuchimbika choo, hapakuchimbika hata kaburi. Kiisha Januari 2002 Nyiragongo ikamwaga lava mpaka katikati ya mji, jiwe jipya likafunika la zamani. Kwa hiyo choo huku ni proje ya miezi, ya mafundi wenye wanajua hilo jiwe, ya hela zenye zinatoka kidogo kidogo, na hakuna kijana wa miaka 19 anaweza kuimaliza mu likizo yake. Hapo njo utaona kwamba siku za ratiba ndizo zinachagua kazi. Ratiba ikiwa ya siku 10, kila shida yenye inaomba miezi 6 imeshatoka mu liste mtu yeyote hajaongea, na yenye inabaki ni rangi, michezo na watoto wa Ekodim (shule ya jumapili), kugawa daftari na kalamu, sinema ya injili kwenye kiwanja, semina ya siku 2. Hata wageni wawe malaika, hata sisi tuwe malaika, siku 10 zitatuletea rangi.

Tuongee pia hela, hata kama mu kanisa tunaonaga haya kuiongea. Kuna mtafiti anaitwa Kurt Ver Beek, mwenye aliishi Honduras kwa miaka mingi, alichunguza nyumba zenye zilijengwa kule baada ya tufani Mitch ya 1998, zingine zilijengwa na ekipe za kutoka Amerika ya Kaskazini, zingine na shirika la Kikristo la palepale, akachapisha matokeo mwaka 2006. Ukiweka tiketi na matumizi yote ya safari, nyumba moja ya ekipe ilifika dola kama 30,000. Ya shirika la wenyeji ilikuwa dola kama 2,000. Aliuliza familia zenye zilihamia mu hizo nyumba, hakuona tofauti kubwa kwa maisha yao kulingana na nani alijenga. Na wenye walisafiri walimwambia safari iliwabadilisha, tangu hapo wanatoa zaidi kwa ajili ya misheni, lakini alipoangalia rekodi za michango mabadiliko yalikuwa madogo sana. Hii ya mwisho iliniuma kuliko zile dola, juu mara nyingi tunajifariji kwamba hata kama kazi ilikuwa ndogo, angalau mioyo ya wageni iligeuka na kesho watatukumbuka.

Kuna wenye wakisoma hesabu kama hizo wanakata maneno haraka: basi watume hela, wabaki kwao. Mimi hapana. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka tena, na siku chache baadaye asubuhi tukaambiwa tuhame mji, watu wakijaza barabara ya Sake, wengine wakivuka Gisenyi, wengine wakipanda mashua kwenda Bukavu, meseji za kwanza zenye ziliingia mu simu yangu kutoka nje zilitoka kwa watu wenye waliwahi kukaa sebuleni kwetu. Mko wapi, mmelala wapi, mama amepata dawa zake. Walikuwa wanauliza kwa majina. Januari 2025 ilikuwa hivyo hivyo. Mtu mwenye amekula bugali na sombe kwako, akacheza na mtoto wako, akisikia Goma kwenye redio anasimama, na huyo mtu akiongea na mbunge wake kuhusu vita yetu anaongea kuhusu watu wenye anawajua. Hiyo kitu hela peke yake hainunui. Na kanisa ni mwili, viungo vinapashwa kuonana. Kwa hiyo kuonana nakutaka sana, nakutaka kuliko wengi wenye wanatetea hizi ekipe, na juu nakutaka ndiyo maana naona ile namna ya siku 10 na rangi inakuharibu.

Nipite kwenye matibabu, maana huko makosa yanagusa mwili wa mtu. Ekipe ya waganga inakuja, inatangazwa mu ibada na mu redio kwamba wiki hii ni matibabu ya bure kwenye uwanja wa kanisa. Saa kumi na moja asubuhi watu wamepanga mstari mpaka barabarani. Kuna mama mmoja wa mtaa wa Mabanga nilimtafsiria, alikuwa na tansyo (presha) 19 kwa 11, hajui hata kama anaumwa, alikuja juu ya kichwa na macho. Daktari kijana alimpima kwa upole sana, akamshika mkono, akampa vidonge vya siku 30, akaniambia nimwambie ameze kimoja kila asubuhi maisha yake yote. Nikamwambia. Mama akaniangalia mimi, siyo daktari, akauliza: na vikiisha, baba? Nilitafsiri. Daktari akamwangalia kiongozi wa ekipe, kiongozi akaniangalia mimi, kiisha akasema aende kwenye kituo cha afya cha karibu. Sasa enfirmye (muuguzi) mkubwa wa hicho kituo alikuwa pale pale, alikuwa amepewa kazi ya kugawa namba kwenye geti. Hakuna mtu alimtambulisha. Hakuna mtu alimpa rejista ya wagonjwa, ile rejista ilirudi na ekipe mu sanduku. Yule mama, nilikuja kujua baadaye, alikata vile vidonge nusu nusu ili vifike miezi miwili.

Kuna kitu kingine chenye wageni hawakioni juu hatuwaambii. Kituo cha afya cha kwetu kinaishi kwa fishi, ile karatasi mgonjwa analipia ili aonwe, na hela ya wagonjwa. Waganga na maenfirmye wengi hawamo mu liste ya mshahara wa serikali, ao wamo lakini hela haifiki, wanagawana kile kituo kimeingiza mwishoni mwa mwezi. Wiki ya matibabu ya bure kituo kinakaa wazi bila mtu, na hata wiki kadhaa mbele yake, maana tangazo likishatoka watu wanangoja wazungu. Kwa hiyo ekipe inaondoka imepima watu mamia, ripoti nzuri, na nyuma yake imeacha wagonjwa wa tansyo na wa sukari wenye dawa ya mwezi mmoja, na kituo chenye kilikuwa cha kuwafuatilia kimedhoofika. Wakati huo huo mu hospitali zetu kuna watu wenye wamepona, wamezuiwa kutoka juu hawajalipa fakture, mama amezaa kwa kupasuliwa anakaa wodini wiki na wiki na mtoto wake. Hela ya tiketi moja tu ya ndege ingefungua milango mingapi. Hata hivyo sijawahi kusikia tukiwaambia wageni hivyo, mimi mwenye nilikuwa mdomo wa pande zote mbili sijawahi kuona mchungaji ananiomba nitafsiri hayo maneno.

Kwa nini tunanyamaza? Umaskini ni jibu rahisi na si uongo, ekipe inaachaga kitu, bahasha ya mchungaji, mabati ya kanisa, kompyuta ya sekretariati, na kijana mmoja wa korale anapata mtu wa kumlipia chuo. Mtu mwenye nyumba yake inavuja hawezi kuandikia wageni masharti. Kuna na heshima, kwetu mgeni haulizwi maswali. Lakini kuna na kitu cha tatu chenye hatupendi kukisema, nacho ni mashindano. Kanisa lenye jumapili limepanga wazungu 14 kwenye viti vya mbele linajaza, na mchungaji wa pili barabarani analiona, na mwaka kesho na yeye anatafuta wake. Hapo mgeni amekuwa mali yetu ya kujionyesha, na tukisema wao ndio wanakuja kupiga picha, tujiangalie na sisi simu zetu zinapigaga nini siku hiyo.

Na wazee wetu hawakunyamaza. Mwaka 1971 mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alisimama Milwaukee kule Marekani, mbele ya watu wa misheni wenyewe, akaomba wamisionari waondoke na wasimamishwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao na uhusiano uanze upya kati ya watu wazima. Mwaka 1974 baraza la makanisa ya Afrika yote likakutana Lusaka likaunga mkono wazo hilo. Watu wengi walikasirika, huku Afrika pia, wengine walisema ni uasi. Mambo hayakufanyika vile walipanga na mimi siombi yafanyike leo. Kinachonigusa ni kwamba alikuwa mtu wa uamsho, mtu wa maombi, hakuwa anachukia wazungu, na alithubutu kusema uso kwa uso kile sisi tunasema tu gari la ekipe likishavuka mpaka.

Mtu ataniambia wamisionari wa zamani nao walikosea. Walikosea, tena sana, walikuja na ukoloni na wengine walikula naye meza moja. Lakini walikaa. Wapentekoste wa Uswidi walifika Congo mwaka 1921, na kanisa lenye lilitoka kwao, CEPAC, ndilo leo lina hospitali ya Panzi kule Bukavu, yenye Daktari Mukwege alianzisha mwaka 1999 baada ya hospitali ya Lemera kushambuliwa mwaka 1996. Dunia inamjua kwa Nobel ya 2018. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alipokuwa mtoto mchanga kitovu chake kilioza karibu afe, na mtu mwenye alihangaika mpaka akapokelewa kwa waganga alikuwa mwalimu Mswidi mwenye alikuwa anaishi palepale Bukavu. Angalia hilo neno anaishi. Watu walijua mlango wake, walijua wa kumwamsha. Hapa Goma mama Lyn Lusi, Mwingereza, alifika Congo mwaka 1971 kama mwalimu wa misheni ya Kibatisti, akaolewa na Daktari Jo Lusi, na pamoja walianzisha kile leo ni hospitali ya HEAL Africa, akafanya kazi mpaka kifo chake mwaka 2012. Ile kazi ilianza kama mpango wa kufundisha waganga Wacongomani, na mpaka leo mgeni daktari akija pale wiki mbili anaingia mu nyumba yenye ina wenyewe, anakuta wagonjwa wameshapangwa, anapasua akiwa na daktari kijana wa hapa mkono kwa mkono, na akiondoka yule kijana anabaki na wagonjwa, na rejista iko kabatini. Wiki mbili zake ni fupi kama za wengine. Lakini zimeegemea kitu kirefu.

Kwa hiyo ufupi wenyewe si dhambi, na Biblia haiukatai. Paulo Korintho alikaa mwaka na nusu, Efeso miaka mitatu, lakini Thesalonike kitabu cha Matendo kinataja sabato tatu tu za kuongea nao. Hiyo nayo ni misheni fupi. Ila alipofukuzwa hakulala, alimtuma Timotheo arudi kuwaangalia, akaandika barua, akaandika tena. Na ukisoma Luka sura ya 10, pale Yesu anatuma wale sabini, utaona mpango wenye unageuza wetu kabisa. Wawili wawili, bila mfuko wa hela, bila mkoba, wakae nyumba moja, wale kile watapewa. Mwenyeji ndiye mwenye kutoa pale. Mgeni anaingia akiwa na mahitaji, na wenye nyumba wanapata heshima ya kumlisha. Sasa linganisha na ekipe yetu, watu 14, masanduku mawili mawili ya vitu vya kugawa, maji ya chupa, hoteli ya kando ya ziwa, na basi lao peke yao. Mama pasta amepika tangu alfajiri, sambaza, sombe, ndizi, na sahani zinarudi zimejaa juu wameambiwa wasile. Naelewa hofu ya tumbo, siwalaumu, lakini wamama wale nimewaona wakifunika zile sahani, na hakuna semina ya upendo inaweza kurekebisha hiyo.

Kwa watoto sitaki majadiliano marefu. Nyumba za yatima zisiwe sehemu ya kutembelea, ziondoke kabisa mu programu. Save the Children waliandika mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kwa watano wenye wako mu hizo nyumba duniani wana mzazi mmoja ao wote wawili hai. Mwishoni mwa Januari 2010, baada ya tetemeko la Haiti, Wabatisti 10 wa Marekani walikamatwa wakitaka kuvusha watoto 33 mpakani, wakiamini wanawaokoa, kiisha ikajulikana hao watoto walikuwa na wazazi. Kwetu serikali ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto wenye wageni wameasili, Septemba 2013, na si bila sababu. Mtoto wa Goma mwenye amepoteza watu mu vita, kila mwezi wa saba anakumbatiwa na mtu mpya mwenye ataondoka baada ya siku 10, huyo mtoto tunamfundisha nini? Tukiandika barua ya kualika, hapo tusiwe na aibu.

Barua yenyewe mimi ningeiandika hivi. Kwanza inasema shida, vile komite ya wazazi ao wamama ao enfirmye mkubwa wameisema, hata kama ni choo. Kiisha inasema watu wa aina gani wanaweza kusaidia hiyo shida, na kama ni mafundi wetu wa kuchimba jiwe basi inasema wazi tunaomba mishahara ya mafundi, na mje wawili ao watatu, mlale kwa familia, mkae nasi wakati kazi inaendelea, mje salongo (kazi ya pamoja ya mtaa), mje kilio kama kuna kilio, mfundishwe na wazee wetu. Kama kuna mhasibu kati yenu afundishe komite kushika vitabu vya hela, kama kuna fundi wa vyombo vya hospitali tunamhitaji jana, mashine zimelala kwa kukosa mtu wa kuzifungua. Waganga wafanye kazi ndani ya kituo chetu chini ya enfirmye wetu, na dawa ziwe zile zenye mgonjwa atazipata tena sokoni kwetu. Tarehe ya kurudi kwetu tena iandikwe kabla ya tarehe ya kwanza ya kufika. Na iwe na mstari wa kusema mwaka unaofuata wawili wetu watakuja kwenu kuhubiri na kutembelea wagonjwa wenu, mtusaidie kwa viza, maana mtu wa Goma akitaka viza ya Marekani inabidi afike mpaka Kinshasa kuomba, na hiyo safari peke yake inashinda mshahara wa mwalimu.

Najua jibu, nimelisikia mara nyingi: tukiweka masharti watahamia kanisa lingine. Ni kweli wengine watahamia. Parokia moja yenye naijua ilijaribu barua kama hii, ikaandika kuhusu choo, ikaomba watatu badala ya 14. Kimya cha miezi. Kiisha wakajibu kwamba vijana wao wataenda nchi nyingine, lakini watu wawili wazima wanataka kuja, na kanisa lao litatuma sehemu ya hela ya tiketi zenye hazikununuliwa. Walikuja, walilala kwa shemasi, mmoja aliumwa tumbo siku mbili akapona. Hela haikutosha mashimo yote yenye yalikuwa yamepangwa, na wazazi walinung'unika, na mchungaji aliambiwa ndani ya baraza kwamba amefukuza baraka. Nasema hivyo ili mtu asidhani ni njia laini.

Ndiyo maana mchungaji mmoja peke yake hawezi. Akisema hapana, wa pili barabarani anasema ndiyo, na ekipe inapaka rangi kule. Lakini CBCA, CEPAC, CELPA na jumuiya zingine zote ziko chini ya ECC, umoja wa makanisa ya Kiprotestanti ya Congo, na ECC ina uongozi kwa kila jimbo, wa Kivu Kaskazini na wa Kivu Kusini wanaweza kukubaliana barua moja ya kualika, yenye masharti sawa kwa kila parokia ya Goma na Bukavu, hata mgeni akihama anakuta masharti ni yale yale. Sinodi za hayo majimbo mawili zikikaa ziweke hiyo pwenti juu, mbele ya zile za michango, na rasimu iwe mezani siku hiyo hiyo, kwa Kiswahili kwanza ili wamama na mafundi waisome na waikosoe. Kuitafsiri kwa wageni nitaifanya mimi.